Kibuyu cha Limi na Kanuni Saba

Siku Ngassa alipomwona Limi kwa mara ya kwanza, alimsikia kabla ya kumwona. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nane, mwaka 1976. Jua la Shinyanga lilikuwa limekwisha kunywa maji yote ya mitaroni, na ndani ya chumba cha makumbusho hapakuwa na mtu ila Ngassa na nzi wawili. Mara ikapigwa hodi ya kuitikiwa ng'ambo ya mbuga.

"Hodi humu! Mwangaluka!"

"Mwangaluka, mayu," Ngassa aliijibu salamu hiyo ya Kisukuma kama ajibiwavyo mama, kwa sauti iliyoishia kwenye kola ya shati lake.

Akaingia mwanamke mrefu aliyejifunga kaniki, miguu imejaa vumbi la kutoka kijijini Samuye. Hakungoja kukaribishwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ngoma kubwa iliyokuwa katikati ya chumba, akaigonga kwa ukucha na kutikisa kichwa kama mtu aliyekuta mgonjwa hajalishwa.

Ngassa alishika ufito wake, akauelekeza ukutani.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Chumba hicho zamani kilikuwa ghala la pamba la Pranlal, na ofisi ya utamaduni ilipokipanga, Ngassa aliajiriwa awe mlinzi, mfagiaji na mpokea wageni. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, elimu ya darasa la nne, na haya ya kumtosha yeye na ukoo mzima. Afisa Utamaduni alipomwagiza awakemee wanaoshikashika vitu, aliona afadhali angeambiwa abebe marobota. Akaomba ubao na rangi nyekundu. Akaandika kanuni saba kama alivyosomewa, kwa mwandiko mzuri uliosimama wima, na tangu hapo mgeni akikosea, ufito ndio uliosema.

"Unaninyooshea mti wa nini?" Limi aliuliza. "Mimi sikusoma. Hicho kibao hakina mdomo, na wewe unao. Sema."

Ngassa akageukia ubao. Akasoma. "Andika jina lako kitabuni."

"Sijui kuandika. Endelea."

"Vua kofia."

"Sina."

"Usiguse kitu chochote."

"Hata kilicho changu?"

Ngassa akakimbilia mbele. "Usilete chakula wala kinywaji. Usipige kelele."

"Kwani nani amelala humu?"

"Hakuna aliyelala, mayu."

"Basi kelele zitamwamsha nani?"

"Usiketi sakafuni," alisoma Ngassa kwa haraka. "Kitu cha makumbusho hakitoki nje."

Lakini Limi alikuwa hamsikilizi tena. Alikuwa amesimama mbele ya kabati la kioo, na mkono wake umeufunika mdomo. Ndani ya kabati, juu ya kitambaa cheupe, kililazwa kibuyu cha kusukia maziwa, cheusi kwa moshi na mafuta ya miaka mingi, shingo yake imezungushiwa ushanga wa bluu.

"Hicho ni cha mama yangu," alisema. "Na hapo chini pameandikwa nini?"

Ngassa alitamani asijue kusoma. "Kibuyu cha kale. Kilitumika zamani kusukia maziwa."

"Zamani!" Limi aligeuka. "Mwaka juzi ndiyo zamani? Nilikisuka kwa mikono hii, mwaka juzi. Nani amekizika kingali hai?"

Alieleza akiwa amesimama. Walipohamishiwa kijiji kipya, ofisi ilipita ikiomba vitu vya jadi. Kaka yake, Mabula, balozi wa nyumba kumi, alitaka kuonekana mtu wa maendeleo. Akakitoa kibuyu bila kuuliza wanawake wa nyumba, akapewa cheti cha shukrani. Cheti kile sasa kilikuwa kimetundikwa ukutani kwake. Na katika nyumba ya kina Limi, tangu bibi wa bibi yake, hakuna mtoto aliyetolewa nje kuonyeshwa jua kabla hajapakwa samli iliyotoka katika kibuyu hicho. Sasa mjukuu wake Esta alikuwa na mimba, na mwezi ulikuwa umebaki mmoja.

"Samli ni samli, mayu," alisema Ngassa kwa upole. "Hata ya dukani."

"Na mama ni mama? Nikakuletee wa jirani?"

Ngassa akaenda kumwita Afisa, naye hakuwa mtu mbaya. Alipofika alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari lake. "Mama, hiki ni mali ya umma sasa. Kina namba. Kikishaingia hakitoki, hata kwa saa moja. Nikikuruhusu wewe, kesho atakuja mwenye ngoma."

"Aje. Ngoma yenyewe imekauka inalia njaa." Limi akasimama. "Umesema hakitoki?"

"Hakitoki."

"Sawa. Kisitoke."

Afisa alifurahi kwamba mambo yamekwisha kwa amani. Ngassa hakufurahi. Alikuwa amemtazama usoni yule mama, naye alilelewa na mwanamke wa namna hiyo.

Wiki tano baadaye, asubuhi, Limi alirudi. Kichwani alikuwa na chungu kilichozibwa kwa majani, mgongoni mfuko wa ukindu. Alitua chungu mlangoni akajinyoosha mgongo.

"Esta amejifungua. Msichana. Leo siku ya sita amefungiwa ndani kama mwizi, na mama yake hali vizuri. Nimeleta maziwa mgando. Kibuyu hakitoki, nami sikitoi. Nitasukia humu humu. Fungua kabati, baba."

Ngassa aliangalia ubao. Aliusoma wote, ingawa aliuandika mwenyewe. Ufunguo ulikuwa mfukoni, umefungwa kwa uzi kwenye suruali asiupoteze. Aliwaza mshahara, aliwaza watoto wake wanne, aliwaza Afisa aliyemwamini. Kisha akapeleka macho kwenye kibuyu. Kwenye shingo, chini kidogo ya ushanga, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele ambao mwezi wa nane haukuwapo. Kila asubuhi alikuwa amekipangusa vumbi kile kioo, na hakuuona. Alikuwa akilinda kisiguswe, na kule kutoguswa, kukaa kikavu bila mafuta, ndiko kulikokiua.

Akakata uzi kwa meno. Akafungua.

Limi alikipokea kwa mikono miwili. Kwanza alikilaza shavuni. Kisha akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akatoa nta mfukoni, akaikanda mpaka ikalainika na kuuziba ufa. Akakisuuza kwa maji aliyoletewa na Ngassa, akamimina maziwa, akaziba mdomo, akaanza kukisuka juu ya mapaja, huku na huku, huku na huku. Sauti ya maziwa ikajaa chumbani. Halafu akaimba.

Watu wakaanza kuingia. Miezi mitano kitabu cha wageni kilikuwa na majina kumi na tisa, na mengi ni ya watu wa ofisini. Leo wanawake wa sokoni waliacha nyanya zao wakaja. Induben, mke wa Pranlal, alivuka barabara na sari yake ameipandisha isiguse vumbi.

"Mama, sisi kwetu tunasuka kwa mti na kamba," alisema. "Ikishatoka siagi utaipikia wapi?"

"Sijui, mama. Sikubeba jiko."

"Mimi iko stovu. Naleta."

Stovu ilikuwa inanguruma ndani ya makumbusho, na harufu ya samli imefika posta, Afisa alipotokea.

"Ngassa! Ni nini hiki?"

"Usipige kelele, bwana," Limi alisema bila kuinua macho. "Kanuni mnayo wenyewe."

Wanawake wakaangua kicheko. Afisa hakucheka. "Nani amefungua kabati?"

Kwa kawaida Ngassa angetazama viatu vyake. Alivitazama. Halafu akainua uso.

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kilikuwa kinapasuka, bwana. Tumekilinda mpaka kinapasuka. Huyu ndiye anayejua kukilinda. Kesho akija nitafungua tena."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyopata kumwambia mkubwa wa kazi. Wala hakuyarudisha.

Limi alimaliza kazi yake. Akatia samli kwenye chupa, akapaka tone la mwisho kwenye kibuyu kizima mpaka kikang'aa, akakirudisha kabatini mwenyewe. "Hakikutoka," alimwambia Afisa, akaondoka. Jioni hiyo huko Samuye mtoto alionyeshwa jua likiwa linazama.

Ngassa alipewa barua ya onyo na kunyang'anywa ufunguo. Hakufukuzwa; Afisa alisema angekosa mtu wa kufagia. Lakini kesho yake Ngassa alichukua kikaratasi kipya, akaandika kwa rangi yake nyekundu: "Kibuyu cha Limi wa Samuye. Kinatumika." Akakibandika juu ya kioo. Afisa akakibandua. Ngassa akaandika kingine. Kikabanduliwa. Cha nne ndicho kilichokaa, na Ngassa hakuuliza kwa nini.

Limi alirudi mara moja tu, baada ya mavuno, kuangalia ile nta. Mvua zilizofuata mavuno hayo hakuzimaliza. Homa ilimchukua kwa siku tatu, na Esta ndiye aliyeleta habari, mtoto mgongoni.

Siku ile ya baada ya mavuno alikuwa amesomewa kile kikaratasi mara mbili, akacheka hadi machozi. Ngassa alimsindikiza mpaka barabarani, na kama kawaida hakupata la kusema. Limi alitwika mfuko wake, akapiga hatua chache, akageuka katikati ya barabara, gari la pamba likimpigia honi naye asisogee.

"Esta atazaa tena," alimpigia kelele. "Wakurudishie ufunguo, wasikurudishie, mimi nakuja na maziwa!"