Waliokuja kumchukua kaka yangu

Leo asubuhi watu kama kumi na tano wamekuja kwetu Kitaji kumkamata mhalifu. Wamemkuta mhalifu anafua shati.

Ni kaka yangu Masatu. Ana ugonjwa wa akili, dawa anakunywaga kila siku, na hajawahi kumpiga mtu hata kofi.

Jirani yetu Mama Nyangeta alikuwa amekatwa panga mkononi asubuhi hiyo hiyo. Wapelelezi wa mtaa hawakuhitaji ushahidi. Mtu amekatwa, kichaa yupo, kesi imeisha.

"Mtoe huyo kabla hajaua," akasema Mzee Magesa, mtu wa heshima zake, jiwe mkononi.

Masatu akakimbilia ndani. Mimi nikasimama mlangoni, nikawaambia sijaachana naye tangu alfajiri. Hakuna aliyesikiliza.

Ndipo Nyangeta, binti wa yule mama, akafika analia.

"Ni baba. Baba ndiye kamkata mama."

Mzee Magesa akashusha pumzi. "Jamani, yule ni mtu mzuri. Hasira tu, shetani kampitia."

Nisaidieni kuelewa hapo. Mwenye akili timamu akikata mtu, ni shetani. Mgonjwa akifua shati, ni muuaji.

Wakatawanyika. Hakuna aliyeomba radhi, labda wataomba kesho.

Masatu nilimkuta chini ya kitanda. Alipotoka aliuliza kitu kimoja tu: "Mama Nyangeta wamempeleka hospitali?"

Katika watu wote wale, ni yeye peke yake aliyeuliza.