Roboti Aliyeambiwa Asubiri

Chuo chetu hapa Aleksandria kimetangaza rasmi kwamba roboti wake wa miguu miwili humtii mtu yeyote kwa ishara za kawaida za vidole, bila mafunzo. Tembeza vidole viwili hewani, naye atatembea. Kusanya ncha za vidole vyote pamoja, naye atachuchumaa.

Awatif, fundi wa karakana, ndiye aliyevalishwa glavu inayosoma ishara hizo siku ya kuwaonyesha wageni. Akifaulu, angeajiriwa moja kwa moja. Akishindwa, angerudi kwenye duka la simu la mjomba wake.

Roboti alikuwa katikati ya kupanda ngazi wakati mkuu wa chuo alipouliza, "Mbona anakwenda kama bibi harusi, binti?"

"Subiri kidogo, ustadhi," akajibu Awatif, na kama Mmisri yeyote anayeomba subira, akakusanya vidole. Roboti akachuchumaa.

"Kachoka? Hebu mwinue!"

"Si nimesema subiri, Mungu akuweke!" Vidole vikakusanyika tena. Roboti, aliyekuwa ameanza kuinuka, akachuchumaa.

"Huyu ana adabu kukushinda," mgeni mmoja akamwambia mkuu. "Akiambiwa asubiri, anasubiri."

Kwa mkono usio na glavu, Awatif akachukua kipande kikubwa cha keki ya basbusa kwenye sahani ya wageni, akakisokomeza chote mdomoni. Mdomo ulipojaa, mkono nao ukakosa la kueleza. Vidole viwili vikatembea hewani, na roboti akapanda hadi juu.

Kazi aliipata. Tangazo bado limebandikwa kwenye mlango wa karakana, na chini yake, kila asubuhi, huwekwa sahani ya basbusa.