Shangazi Hujibu Kila Mtu

Shangazi yangu ni fundi wa mafriji, na mimi ndiye ninayemrekodi. Mwanzoni video nilizoweka kwenye ukurasa wake mtandaoni zilionyesha mikono yake tu, imevaa glavu, ikifungua mota na kuunga waya. Watazamaji walimsifu mno. "Kaka, uko vizuri!" "Mwanaume wa kazi huyo!" Shangazi, ambaye hamwachi mteja mlangoni bila kumsemesha, alimjibu kila mmoja: "Asante, karibu tena." Ukurasa ule aliupenda. Aliuita darasa lake.

Siku nilipoonyesha sura yake, loh! Watazamaji hawakuziona waya tena. Wakaulizia kiuno, wakaulizia nyumbani kwake anapika nani. Naye akaendelea kuwajibu kana kwamba wamesimama kaunta. "Mke wa nani huyu?" akauliza mmoja. Akaandika: "Wa fundi cherehani, mlango wa bluu, nyuma ya duka la rangi. Anapunguza suruali huku unasubiri." Nilicheka hadi machozi.

Kisha mshenzi mmoja akakata kipande cha video Shangazi akiwa ameinama nyuma ya friji, akakiwekea muziki, akakisambaza. Maelfu wakacheka. Nilitaka kumtukana mpaka ajute kuzaliwa. Shangazi alivua glavu, macho yamemjaa maji.

"Futa ukurasa, mwanangu. Nimechoka."

Jioni hiyo kaka wa mumewe akapiga simu, sauti ikajaa chumba kizima: "Mdhibiti mkeo!"

"Mimi kazi yangu ni kumshikia tochi," mumewe akasema, akakata. Nilimpenda mwanamume yule kuliko siku zote.

Kabla sijafuta, nikapitia maoni chini ya kile kipande. Katikati ya uchafu wote, msichana mmoja alikuwa ameandika: "Dada, ile waya nyekundu umeiunga wapi? Friji letu limegoma kuwaka." Nikamsomea Shangazi.

Akanyoosha mkono. "Lete simu. Mtu ameuliza swali."

Akamjibu palepale, mbele ya wacheka ovyo wote, kisha akavaa glavu. "Haya, rekodi. Huyu anahitaji kuona."

"Lakini usiiname, Shangazi."

"Mota iko chini, nyuma. Niifikie nikiwa wima kama mlingoti?"

Akainama. Mumewe akapiga magoti na tochi yake, akamulika ukuta badala ya waya. Tulipoiweka tu video hiyo ukurasani, mwanamume mmoja akauliza: "Na huyo mwenye tochi ni nani?"

Shangazi akamjibu, kama anavyomjibu kila mtu: "Mume wangu. Bado anajifunza."