Kiti chenye Tundu la Pembe Nne

Binti yangu wa pili ni fundi wa viti. Sofa hagusi, anasema zina mafundi wake. Yeye ni viti vya pikipiki, viti vya mashine za shambani, na hasa viti vya yale matrekta madogo ya kukata majani, ambayo mtu anayapanda kama punda. Anafanyia kazi barazani kwangu, sindano tatu mdomoni, na mimi huu mwaka wa nane naosha vyombo huku jicho moja liko kwenye mdomo wake. Nikimwambia ipo siku atameza, ananijibu bila kuachanisha meno kwamba hajameza bado.

Mwaka jana chuo kilichoko ng'ambo ya barabara yetu kilimletea kiti kimoja cha majaribio. Chuo kina matrekta sita, yote vikongwe, viti vyote vimepasuka. Kiti hiki kikimridhisha msimamizi, vile vitano vilivyobaki ni vya binti yangu. Kisipomridhisha, kazi yote inakwenda kwa fundi wa mjini mwenye duka la vioo. Mwenye kazi alilala vizuri. Aliyekosa usingizi ni mimi.

Kiti kililetwa na dereva wake, mtu mwembamba ambaye chuo kizima kinamwita Unyasi. Alikibeba kichwani, akakitua, akaondoka mbiombio, naye hajulikani kwa haraka. Binti yangu alipokigeuza kwenye mwanga, nilisogea na beseni langu. Ngozi ilikuwa imekatika na sponji imekuwa unga. Tundu la katikati, hata hivyo, lilikuwa na pembe nne, zimenyooka kama zimepigwa rula.

"Mama," akaniambia, "makalio ya pembe nne umeshawahi kuyaona?"

Nikamwambia atoe sindano kwanza ndipo aongee utovu wa adabu. Halafu nikamweleza ninachokijua, kwa sababu dirisha la jiko langu linatazama nyuma ya stoo ya chuo na mimi sina pazia.

Chini ya viti hivyo kuna swichi. Dereva akinyanyuka huku visu vinazunguka, injini inazimika, mtu asije akakatwa miguu. Swichi za matrekta yale zimechoka, hata kuku akikaa zinaridhika. Basi Unyasi alikuwa na tofali lake. Kila siku saa nne analeta trekta nyuma ya stoo, analiketisha tofali kitini kwa heshima zote, na yeye anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kunywa chai. Msimamizi ofisini kwake anasikia mngurumo na moyo wake unatulia.

Binti yangu alicheka mpaka sindano moja ikadondoka, tukaitafuta nusu saa. Akasema mambo ya tofali hayamhusu. Akakata mbao mpya, akaweka sponji ngumu, akavuta ngozi nyeusi mpaka ikang'aa. Kiti kikainuka katikati kama mkate uliofura vizuri.

Tofali haliwezi kukaa juu ya mkate.

Siku ya kwanza kile kiti kufungwa, ilipofika saa nne injini ikazimika. Ikawashwa, ikazimika tena. Dirishani nilimwona Unyasi akiliokota tofali kwenye majani na kulisemesha. Mchana tukaletewa habari kwamba kiti ni kibovu, kinazima mashine, na fundi anatakiwa kesho asubuhi.

Binti yangu alitaka kwenda kusema yote. Nikamsihi. Unyasi ana watoto watatu na ulimi mrefu, na madereva wengine watano ni marafiki zake. Tukimchongea leo, kesho viti vyote vitakuwa vibovu. Nikamwomba aniachie mimi.

"Utatetemeka, mama."

Nilitetemeka kweli. Asubuhi nilipitia nyuma ya stoo kabla ya watu, nikaliokota tofali, nikalitia kikapuni na kulifunika kwa kitambaa.

Uwanjani, binti yangu akiwa kando yangu, nilimsalimu msimamizi, nikamwomba akipande kiti mwenyewe. Ni mtu mnene. Alizunguka mara moja, akazunguka ya pili, na ya tatu hakuna aliyemwomba. Injini haikuzimika. Aliposhuka, injini ikanyamaza kama inavyotakiwa, na Unyasi akawahi kusema kwamba bosi ana uzito wake, ila yeye ni mwepesi, kiti hakimsikii. Msimamizi akatikisa kichwa kukubali. Wote wakamtazama binti yangu, na yeye akafungua mdomo. Nikajua anakaribia kusema.

Nikapandisha kikapu changu juu ya kiti, nikakishika kisianguke, nikamwomba msimamizi awashe tena. Trekta likanguruma kwa furaha. Kitambaa kikateleza kidogo upande wa Unyasi, pembe moja ya tofali ikachungulia. Aliitambua. Mtu anamjua wa kwake.

"Kuna nini humo, mama?" msimamizi akauliza.

"Shemeji huyu atakwambia," nikasema. "Kama kikapu ni kizito kuliko yeye, aseme."

"Ni chepesi, bosi," Unyasi akasema. " Kiti hakina kosa. Ni mimi, huwa nanyanyuka kidogo nikikaribia maua, nisije nikayakata."

"Basi usinyanyuke."

"Sinyanyuki tena, bosi."

Hapo hapo msimamizi akamwambia binti yangu achukue vile vitano. Tulipofika langoni akaniambia kwamba mimi ni mtu wa kuogopwa.

Siku hizi saa nne panakuwa kimya nyuma ya stoo. Trekta linazimwa, Unyasi anakunywa chai yake, na hakuna aliyewahi kuja kuuliza. Nadhani hata msimamizi huwa anakunywa yake saa hiyo hiyo.

Alipokuja kuchukua kiti cha mwisho, Unyasi alilikuta tofali linazuia mlango wa jiko langu. Alilitazama muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kulichukua. Nikamwambia pole sana shemeji, upepo wa huku ni mkali. Akajitwika kile kiti, na alipofika barabarani akageuka kulitazama mara moja zaidi.