Gundi ya Karani

Karani wa kiwanda cha mwani pale Wando, Korea Kusini, hukunja kila karatasi ya mshahara mara tatu, akibana mikunjo kwa ukucha, halafu huziba kingo kwa gundi. Humkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili na kunong'ona, "Usimwonyeshe mtu." Lakini leo Pyo, mfanyakazi mwenyeji, aliisahau yake mezani ikiwa wazi, na Nhan, mwanamke Mvietnamu aliyemfundisha Pyo mashine mwaka jana tu, akaiona: karibu mara mbili ya yake.

"Dada, imekuwaje?" akamuuliza karani.

"Pyo mwanamume, ana watu wa kulisha."

"Hata mimi ninao kwetu. Tena watano!"

"Wewe mgeni, mwenzangu."

"Haya, mimi mgeni. Na wewe dada, mzaliwa wa hapa, miaka kumi na tisa kazini, unampita Pyo?"

Karani alichukua karatasi ya mwisho, yake mwenyewe, aliyoichapa asubuhi kwa vidole vyake. Akaikunja mara tatu, akaipaka gundi, akaipuliza ikauke. Kisha akaifungua polepole na kuisoma, midomo ikimchezacheza, kama barua iliyotoka mbali. Nhan akaduwaa, asijue acheke au alie.

"Kwani ulikuwa huijui?"

"Naijua," karani akasema, na bado akaigeuza kutazama nyuma, labda maelezo yameandikwa huko.