Siku Niliyosugua Ute wa Pipa

Aibu hii hata mke wangu haijui, kwa hiyo nyie mjue mmependelewa. Miaka ile ya tisini biashara zimefunguliwa, kila bi harusi wa Temeke anataka kitanda cha chuma kinachong'aa, na mie nipo karakana ya Bi Zuhura kule Keko, tunachovya vyuma kwenye maji ya nikeli mpaka ving'ae. Maji ya kusuuzia yalitoka kijani, yakaingia mtaroni, majirani wakalalamika, bwana afya akaapa akiyaona tena anafunga karakana.

Ndipo akaletwa Dada Neema, mtaalamu wa kusafisha maji machafu, akajaza kokoto kwenye pipa la uani, akaziotesha ute wa vijidudu (ute kweli, wa kahawia, unateleza kuliko bamia!). Maji yakipita humo, ute unanasa ile nikeli, maji yanatoka meupe. Pipa akanikabidhi mie, msomi wa shule ya usiku.

Asubuhi ya bwana afya kurudi kukagua, nikalifunua. Loo, wageni waukute uchafu huu? Nikachukua sabuni ya unga na brashi, nikasugua kokoto mojamoja mpaka zikang'aa kama meno ya kwenye tangazo.

Bwana afya akafika, bomba la pipa likafunguliwa. Kijani! Kijani kuliko mchicha!

"Shikamoo mzee," nikasema (nilishamwamkia mara mbili), "hiyo rangi ya pipa tu, maji ni safi."

"Marahaba. Kama ni safi, kunywa." Akakinga kikombe bombani, akanipa.

Bi Zuhura ananitazama, mafundi wenzangu wananitazama, riziki ya watu wote imo kwenye kikombe kile, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, nikakiinua, kikagonga meno, nikafumba macho...

"Weka chini, braza, unajiua!" Dada Neema akaninyang'anya, akakimbilia pipa, akafunua. "Ute wangu uko wapi?"

"Nimeusafisha, sista. Kwa ajili ya wageni."

Bwana afya alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akapiga kufuli mlango wa karakana: hakuna kuchovya hata msumari mpaka ute uote upya.

"Hiyo shule ya usiku," Bi Zuhura akaniuliza taratibu, "mlikuwa mnasoma bila taa?"

Tukakaa bila kazi, mafundi hawanisemeshi, na mie kila kukicha niko uani nimeinamia pipa, naomba dua uchafu urudi. Siku kokoto zilipoanza kuteleza nililia kama mtoto. Tangu hapo kitu cha mtu, hata kiote ndevu, sikisugui mpaka mwenyewe aniambie.