Bima ya Pikipiki na Mguu wa Karisa

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya biriani, mwanangu. Nilikuwa kijana, nina pikipiki nyekundu niliyoinunua Kaloleni, hodari wa kelele kuliko mbio. Bi Zuhura, mpishi wa hapa Malindi, alinipa kazi ya kuwapelekea watu chakula majumbani. Kabla ya hapo nililima ufuta, lakini ya ufuta niyaache, nitapotea.

Nilipokwenda kukata bima, karani aliniuliza, "Pikipiki ya kazi gani, kaka?"

"Ya kwendea shamba tu."

Bima ya shamba ilikuwa rahisi kuliko ya biashara. Akanipa stika, nikaibandika, nikatembea kifua mbele. Kusoma kwangu ni kwa kuokoteza. Nilidhani stika zote ni moja.

Basi Ijumaa moja nikapakia sufuria la biriani, nimechelewa. Jirani yangu Karisa, mgema, alikuwa akivuka barabara. Tulikua pamoja, sahani moja. Nikamgonga. Yeye huku, biriani kule, na kuku wa mtaa wakafika kabla ya watu.

Karisa, mguu umepinda vibaya, akanitazama. "Wewe Charo, si ungesema waleta chakula, nije na sahani?"

Tukacheka, yeye huku machozi yanamtoka. Hatujacheka pamoja tena.

Kampuni ya bima ikamtuma mtu kuuliza. Wenzangu wakanifunza niseme nilikuwa naenda shamba. Na biriani je, mtaa mzima umeiona? Nikasema kweli. Kampuni ikakataa kumlipia Karisa matibabu, kwa kuwa pikipiki ya shamba haikuruhusiwa kubeba chakula cha biashara. Pesa nilizokuwa nazo mimi hazikufika popote. Mguu ukaunga upande.

Nikaenda kumtazama.

"Karani alipokuuliza," akasema, "ulishindwa nini kumwambia?"

Nikauangalia mguu wake.

"Haya, mnazi nitaupanda na nini?"

Mwezi huohuo akahamia Adu kwa dada yake. Nilimfuata mara mbili, na mara zote mbili nikaambiwa amelala. Mchana, mwanangu.

Sasa mke wangu ametangulia mbele ya haki, na wanangu wako Mtwapa na shughuli zao. Nikikumbuka kichekesho cha utotoni, aliyekuwapo ni Karisa peke yake. Nacheka kidogo, lakini nyumba haijibu.

Nawaona nyinyi na masanduku yenu ya chakula, simu zinawaita huku na huku. Wewe nenda kwa wakala wa bima umwambie wazi: napeleka chakula cha watu kwa malipo. Mwambie akusomee karatasi yote, usione haya. Muulize, nikimgonga mtu nikiwa kazini, atatibiwa? Akikwambia "usijali", ondoka, tafuta atakayekujibu. Na anayekupa kazi muulize vilevile, usidhani amekukatia. Siku bima ikiisha, pikipiki ilale nyumbani. Mteja atanuna, kisha atakula kingine. Na ukishakosea, usingoje kama mimi mpaka mwenzako ahame; kaa mlangoni pake, hata ukiambiwa amelala.

Mola akulinde njiani, na wanaovuka mbele yako awalinde zaidi. Akupe mwenzio wa kuzeeka naye, na miguu yenu yote minne iwe mizima. Amina.